Mshika Kumi: Mafunzo ya Ujana wa Daley Thompson



Wahenga walisema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Usemi huu umekuwa ngao ya wazazi na walimu wengi kila wanapomwona kijana anataka kufanya mambo mengi kwa wakati mmoja. Mwanafunzi apendaye hesabu na ngonjera huambiwa achague. Mchezaji akimbiaye vizuri na kutupa mkuki vizuri huambiwa achague. Mara nyingi ushauri huo ni wa haki, kwani mikono ya binadamu ni miwili na siku ina saa 24 tu. Lakini katika riadha upo mchezo mmoja uliojengwa juu ya kuupinga usemi huo. Mchezo huo huitwa dekathloni, na bingwa wake ni yule anayeshika kumi bila ya kuliachia hata moja limponyoke.

Mazungumzo haya yanamhusu kijana mmoja wa London aliyeanza kushika hayo kumi akiwa na umri wa miaka 16. Jina lake ni Daley Thompson. Dunia inamkumbuka kwa nishani zake mbili za dhahabu za Olimpiki, ya Moscow mwaka 1980 na ya Los Angeles mwaka 1984. Hata hivyo, kinachofaa kuzungumzwa mbele ya walimu ni miaka mitano iliyotangulia nishani ya kwanza, yaani tangu 1975 hadi 1980. Bingwa aliyekwisha kuvishwa nishani hahitaji tena mwalimu wa kumtambua. Anayehitaji kutambuliwa ni kijana ambaye bado hajashinda kitu, na hapo ndipo ilipo kazi ya mwalimu.

MICHEZO KUMI KWA SIKU MBILI

Kwanza ni vema mchezo wenyewe ueleweke. Dekathloni huchukua siku mbili. Siku ya kwanza mwanariadha hukimbia mita 100, huruka mbali, hutupa tufe, huruka juu, na jioni humalizia kwa mbio za mita 400. Siku ya pili huanza kwa mbio za mita 110 za kuruka viunzi, kisha hutupa kisahani, huruka kwa upondo, hutupa mkuki, na mwisho kabisa, wakati mwili umekwisha kuchoka, hukimbia mita 1,500.

Mshindi hatafutwi kwa kuhesabu nani alikuwa wa kwanza mara nyingi zaidi. Kila mbio, kila mruko na kila mtupo hupewa pointi kwa kufuata majedwali yaliyowekwa na shirikisho la kimataifa la riadha. Kwa majedwali yaliyoanza kutumika mwaka 1985, anayeruka mbali mita 7.76 hupata pointi 1,000. Anayetupa tufe mita 18.40 hupata pia 1,000, na anayekimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 53.79 hupata 1,000 vile vile. Jumla ya pointi za michezo yote kumi ndiyo inayoamua. Mfaransa Kevin Mayer alipoweka rekodi ya dunia mwaka 2018 alifikisha pointi 9,126. Maana yake ni kwamba hata mtu huyo hakuweza kupata wastani wa pointi 1,000 kwa kila mchezo.

Utaratibu huu una mambo mawili yanayostahili kufikiriwa. Jambo la kwanza ni kwamba mwanariadha hashindani na jirani yake tu, bali hushindana na jedwali. Akiwa wa nne katika mbio lakini muda wake ukawa bora kuliko ule wa jana, amepata faida. Jambo la pili ni kwamba udhaifu haufichiki. Mtu anaweza kuwa na miguu ya swala, lakini asipoweza kuuvuka mti wa upondo hata mara moja hupata sifuri, na sifuri hiyo huzila pointi alizochuma kwa miguu yake. Kwa hiyo mchezaji wa dekathloni hana njia ila kurudi kila siku katika lile asiloliweza.

MTOTO WA AYODELE

Francis Morgan Ayodele Thompson alizaliwa tarehe 30 Julai 1958 katika mtaa wa Notting Hill, London. Mama yake alikuwa mzungu wa Uskoti, kutoka mji wa Dundee, na baba yake alikuwa Mnigeria aliyekuwa akifanya biashara ya teksi. Jina Ayodele ni la Kiyoruba, na maana yake ni kwamba furaha imekuja nyumbani. Kutokana na jina hilo walimwengu wakapata Daley.

Lakini furaha hiyo haikukaa sana nyumbani kwao. Baba aliiacha familia mtoto akiwa bado mdogo. Alipofikia umri wa miaka saba alipelekwa katika shule ya bweni huko Sussex, kusini mwa Uingereza, shule ambayo yeye mwenyewe baadaye aliielezea kuwa ilikuwa ya watoto wenye matatizo. Alipokuwa na miaka 12 baba yake aliuawa kwa kupigwa risasi katika mitaa ya London. Hali yake basi ilikuwa hiyo: mtoto mweusi katika Uingereza ya wakati ule, asiye na baba, anayelelewa mbali na mama, na asiyetazamiwa makubwa na wengi.

Mtoto huyo alikuwa na kitu kimoja: alikuwa hakubali kushindwa katika mchezo wowote. Alipenda mpira wa miguu, kisha akavutwa na riadha, akajiunga na klabu ya Haywards Heath iliyokuwa karibu na shule yake. Huko alijulikana kuwa ni mkimbiaji wa mbio fupi. Aliporudi London alijiunga na klabu ya Essex Beagles. Hapo alikutana na mwalimu aitwaye Bob Mortimer, na tangu hapo maisha yake yakageuka.

JICHO LA MWALIMU

Ndugu walimu, inafaa kutua kidogo katika hatua hii. Mortimer alipokea kijana mwenye kasi. Njia rahisi ilikuwa ni kumwacha akimbie mita 100 na 200, maana huko ndiko ushindi ulikokuwa karibu. Klabu ingepata pointi zake katika mashindano ya Jumamosi na kila mtu angeridhika. Lakini mwalimu huyo hakuishia kutazama kile kijana alichokuwa nacho mkononi. Aliona pia kile ambacho kijana angeweza kujifunza, akamshauri ajaribu dekathloni.

Mwaka 1975 kijana alikwenda Cwmbran, mji mdogo wa Wales, kucheza dekathloni yake ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 16. Akashinda, na hesabu yake ikafikia pointi 6,685. Kwa mtu mzima wa kiwango cha kimataifa hesabu hiyo ilikuwa ndogo, lakini kwa mvulana ambaye mingi kati ya michezo ile kumi ilikuwa migeni kwake, ilikuwa ni ahadi.

Ahadi hiyo ilimletea ugomvi nyumbani. Mama yake alikuwa amelea watoto kwa jasho lake mwenyewe. Akamtaka mwanawe achague: ama atafute kazi ya maana, ama aondoke nyumbani. Kijana akachagua riadha, akaondoka, akaenda kuishi kwa rafiki wa familia ambaye alimwita shangazi.

Ni rahisi leo, baada ya nishani zote zile, kumlaumu mama huyo. Haifai. Wakati ule sheria za Olimpiki zilikuwa za ridhaa, na mwanariadha hakuruhusiwa kulipwa kwa mchezo wake. Mama aliona kijana wa miaka 17 asiye na mshahara, anayeshinda uwanjani akirusha kisahani. Hakuna mzazi wa Mbulu wala wa Manchester ambaye asingeuliza mwisho wake utakuwa nini. Swali la mama lilikuwa swali la haki, na linaulizwa mpaka leo katika nyumba nyingi za Tanzania ambako mtoto mwenye kipaji anatakiwa pia kusaidia shambani au dukani. Jibu la swali hilo haliwezi kutoka kwa kijana peke yake. Hutoka kwa watu wazima wanaomzunguka. Yule kijana alimpata shangazi wa kumpa chumba na mwalimu wa kumpa saa zake. Wengine wangapi, wenye miguu na mikono kama yake, hawakupata hata mmoja kati ya hao?

WA KUMI NA NANE MONTREAL

Mwaka 1976 kijana alitwaa ubingwa wa dekathloni wa Uingereza na kuchaguliwa kwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal, Kanada. Waliomchagua walijua kwamba hatarudi na nishani. Alikuwa na miaka 17, na dekathloni ni mchezo wa watu waliokomaa.

Michezo ile ina kumbukumbu yake katika Afrika. Nchi zaidi ya 20 za bara hili, Tanzania ikiwa mbele miongoni mwao, zilisusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini wakati damu ya watoto wa Soweto ilikuwa bado mbichi. Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 huko Christchurch mwaka 1974, hakukimbia Montreal. Lilikuwa ni jambo la heshima, na lilikuwa na gharama yake, kwani mwanariadha ana miaka michache tu ya ubora na hawezi kuiweka akiba.

Katika uwanja huo wenye pengo la Afrika, mtoto wa Mnigeria alicheza kwa ajili ya Uingereza tarehe 29 na 30 Julai. Siku ya pili ya mashindano ndiyo siku aliyotimiza miaka 18, na mwisho wa siku hiyo alikuwa amepata nafasi ya 18. Bingwa alikuwa Mmarekani aliyejulikana wakati huo kwa jina la Bruce Jenner, ambaye aliweka rekodi ya dunia kwa pointi zaidi ya 8,600. Kijana alipata zaidi kidogo ya 7,400. Tofauti yao ilikuwa ya pointi zaidi ya 1,000, kana kwamba kijana alikuwa amecheza michezo tisa na mwenzake kumi.

Katika magazeti mengi duniani nafasi ya 18 haiandikwi. Mwanariadha wa namna hiyo huhesabiwa kuwa mtalii aliyekula nauli ya taifa. Lakini safari ile ilikuwa shule. Kijana alilala, akala na kufanya mazoezi karibu na watu bora wa dunia katika kazi yake. Kwa siku mbili aliwaona wakikosea na kujirekebisha, wakichoka na kuendelea. Alijua kwa macho yake pointi zake 1,000 zilipotelea wapi: ngapi katika tufe, ngapi katika mkuki, ngapi katika upondo. Mtu aliyeshindwa katika mbio za mita 100 huambiwa tu kwamba hana kasi ya kutosha. Aliyeshindwa katika dekathloni hupewa hati yenye mistari kumi inayoonyesha deni lake, na deni linalojulikana hulipika.

KULIPA DENI

Namna alivyolilipa deni hilo inaonekana katika hesabu. Mwaka 1977 alikuwa bingwa wa vijana wa Ulaya katika mashindano ya Donetsk, na mwaka huo huo alivuka pointi 8,000, ilhali bado alikuwa katika umri wa mashindano ya vijana. Katika muda wa miaka miwili tangu Cwmbran alikuwa ameongeza pointi zaidi ya 1,300. Hesabu kama hiyo haiji kwa kuongeza kasi ya miguu peke yake. Huja kwa kuongeza kidogo hapa na kidogo pale: nusu mita ya tufe, sentimita chache za upondo, hatua moja sahihi zaidi kati ya kiunzi na kiunzi. Haba na haba hujaza kibaba, na katika dekathloni kibaba hicho hupimwa kwa jedwali.

Mazoezi yake yalikuwa gumzo. Alikuwa akifanya mazoezi hata siku ya Krismasi, akieleza kwamba huenda wapinzani wake wamepumzika siku hiyo. Wapo waliomwona kuwa mwenye majivuno, na kweli alikuwa mtu wa mzaha na maneno mengi mbele ya wapinzani. Lakini nyuma ya mzaha kulikuwa na kazi. Mtu wa michezo kumi hana msimu wa kupumzika, kwa sababu akiutunza mmoja mwingine huota kutu.

Mwezi wa Agosti 1978 alikwenda Edmonton, Kanada, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alikuwa ametimiza miaka 20 siku chache tu kabla. Alishinda dekathloni kwa pointi 8,467. Nigeria, nchi ya baba yake, haikuwako, kwani ilisusia michezo ile kwa sababu ya New Zealand na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwako. Katika michezo hiyo hiyo Gidamis Shahanga alishinda mbio za marathoni, na Filbert Bayi akapata nishani ya fedha katika mita 1,500. Kwa Watanzania, basi, Edmonton ni jina la furaha. Wachache tu ndio waliojua kwamba katika uwanja ule alikuwako pia kijana mwenye jina la Kiyoruba, ambaye naye alikimbia mita 1,500, lakini yeye aliikimbia baada ya kumaliza michezo mingine tisa.

Wiki chache baadaye, katika ubingwa wa Ulaya mjini Prague, alipata pigo. Aleksandr Grebenyuk wa Umoja wa Kisovieti alimshinda kwa pointi zisizofika hata 100. Mtu mwingine angeridhika na nishani ya fedha katika umri wa miaka 20. Yeye aliona uchungu, na uchungu huo aliubeba. Tangu siku hiyo ya Prague mpaka ubingwa wa dunia wa Rome mwaka 1987 hakushindwa tena katika dekathloni yoyote aliyoimaliza.

Inasemwa aliyoimaliza, na neno hilo lina sababu. Mwaka 1979 alianza dekathloni moja tu, na hakuimaliza. Mwaka huo huo alikuwa bingwa wa Uingereza wa kuruka mbali. Hapo usemi wa wahenga ungeweza kuletwa tena: umeona, mshika kumi yamemponyoka, na sasa amethibitisha kwamba angekuwa mrukaji bora kama angechagua jambo moja. Ushauri huo ungekuwa na mantiki. Lakini kijana na walimu wake hawakubadili njia kwa sababu ya mwaka mmoja mbaya. Walijua walikuwa wanajenga nini.

MOSCOW

Mwezi wa Mei 1980, katika mji mdogo wa Götzis nchini Austria, alipata pointi 8,622 na kuivunja rekodi ya dunia iliyowekwa Montreal. Katika miaka minne tofauti ile ya pointi zaidi ya 1,000 ilikuwa imekwisha, na kijana alikuwa mbele kwa pointi chache. Hata hivyo rekodi hiyo haikudumu mwezi mmoja. Katikati ya Juni, Guido Kratschmer wa Ujerumani ya Magharibi alipata 8,649. Dunia ikasubiri kuwaona wawili hao wakikutana Moscow.

Hawakukutana. Safari hii waliosusia walikuwa Wamarekani na wenzao, kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan, na Ujerumani ya Magharibi ilikuwa miongoni mwao. Serikali ya Bibi Thatcher ilitaka Waingereza nao wasiende, lakini kamati yao ya Olimpiki ilikataa shinikizo hilo na kupeleka timu, wanariadha wakashindana chini ya bendera ya Olimpiki. Tarehe 26 Julai 1980, siku nne kabla ya kutimiza miaka 22, Daley Thompson alikuwa bingwa wa Olimpiki kwa pointi 8,495. Yuri Kutsenko na Sergei Zhelanov, wote wa Umoja wa Kisovieti, walimfuata.

Ni haki kusema kwamba ushindi huo ulikuwa na pengo, kwani aliyekuwa na rekodi ya dunia hakuwako. Thompson hakulijibu pengo hilo kwa maneno. Mwaka 1982 aliweka rekodi ya dunia mara mbili, mwaka 1983 alishinda ubingwa wa kwanza wa dunia mjini Helsinki, na mwaka 1984 alishinda tena Olimpiki. Lakini hayo ni masimulizi ya mtu mzima, na mazungumzo haya ni ya kijana.

Katika uwanja ule ule wa Moscow, siku chache tu baadaye, Filbert Bayi alipata nishani ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Nishani hizo mbili zilikuwa bado ni za pekee za Olimpiki kwa Tanzania hata baada ya michezo ya Paris ya mwaka 2024. Ni vema ikumbukwe kwamba Bayi, ambaye dunia ilimjua kwa mita 1,500, hakuipata nishani yake katika mita 1,500. Aliipata penye viunzi na maji. Naye pia, kwa namna yake, alishika zaidi ya moja.

SWALI KWA WALIMU

Ndugu walimu, huenda ikaulizwa: Tanzania ni nchi ya mbio ndefu, dekathloni inatuhusu nini? Magodoro ya kuangukia wachezaji wa upondo yana bei kubwa, na pondo zenyewe hazipatikani madukani. Hoja hiyo ni kweli. Lakini somo la kijana huyu halihusu upondo. Linahusu namna mtu mzima anavyomtazama mtoto.

Chukua siku ya michezo katika shule yoyote. Mwalimu anasimama penye utepe akiwa na daftari. Wa kwanza katika mita 100 anaandikwa, wa kwanza katika kuruka juu anaandikwa, wa kwanza katika tufe anaandikwa. Hao ndio watakaokwenda wilayani. Lakini yuko mtoto ambaye amekuwa wa tatu katika mbio, wa pili katika kuruka, wa nne katika tufe na wa tatu tena katika mita 800. Jina lake haliandikwi popote. Jioni anachukua viatu vyake mkononi anarudi nyumbani, akiamini kwamba hana kipaji. Kama mwalimu angekuwa na jedwali badala ya utepe, huenda angegundua kwamba huyo ndiye mwanariadha bora wa shule nzima.

Jedwali hilo halina gharama. Shimo la mchanga, tufe, kamba ya kuruka juu na uwanja wa kukimbilia vinapatikana katika shule nyingi. Michezo mitano tu inatosha kwa kuanzia: mbio za mita 100, kuruka mbali, kuruka juu, tufe, na mita 800. Kwa wasichana pia njia iko wazi, kwani mchezo wao wa heptathloni, wenye michezo saba, umekuwa katika Olimpiki tangu mwaka 1984. Kijana atakayepitia michezo hiyo kwa miaka miwili au mitatu hatapoteza kitu. Akiishia kuwa mkimbiaji wa marathoni, atakuwa na mwili uliojengwa pande zote. Akiishia kuwa mkulima au fundi, atakuwa amejifunza kurudi kila siku katika lile asiloliweza, mpaka aliweze.

Jambo la pili ni la viongozi. Kila timu inapochaguliwa kwenda nje huulizwa: nani ataleta nishani? Swali hilo lazima liulizwe, kwa sababu fedha za safari ni za wananchi. Lakini liko swali jingine ambalo huachwa: nani atakayejifunza? Waliompeleka mvulana wa miaka 17 Montreal walilijibu swali la pili. Kama wangekuwa na swali la kwanza tu, angebaki nyumbani, na huenda miaka minne baadaye asingekuwako wa kuipokea dhahabu ya Moscow. Nafasi moja katika kila msafara, kwa kijana mmoja ambaye bado hajaiva, si ubadhirifu. Ni mbegu, na mkulima anayekula mbegu yote kwa sababu ya njaa ya mwaka huu hatavuna mwakani.

Jambo la tatu ni la vijana wenyewe. Yapo mengi katika ujana wa mtu huyu ambayo hakuyachagua: kifo cha baba, shule ya mbali, mlango wa nyumbani uliofungwa. Alichochagua ni namna ya kuyatazama matokeo yake. Alipokuwa wa 18 hakusema dunia imemwonea, na alipokuwa wa pili hakusema inatosha. Alisoma hati yake mstari kwa mstari, akaanza na ule ulio dhaifu.

Wahenga hawakukosea. Mshika mawili moja humponyoka, ikiwa anayashika kwa tamaa na kwa pupa, yote kwa siku moja. Lakini anayeyashika kwa utaratibu, leo hili na kesho lile, huku nyuma yake yuko mtu mzima mwenye subira na daftari, anaweza kushika hata kumi. Kijana wa namna hiyo huenda yuko katika shule mojawapo hivi sasa, na katika siku ya michezo iliyopita alikuwa wa tatu. Kazi iliyobaki ni ya mwalimu: kulitafuta jina lake na kuliandika.